Mkono wako umo kwenye maji: kwa mchoraji wa Umoja

Msomaji mmoja anayeishi Umoja, hapa Nairobi, ameniandikia hivi: "Mwalimu, huu ni mwaka wa tatu nachora kwa rangi za maji. Mchana niko ofisini, kwa hivyo nachora usiku na Jumapili nikitoka kanisani. Nikifuata video ya mtu, picha inatoka safi hadi watu wa nyumbani wanaisifu. Nikibaki peke yangu na karatasi nyeupe, nakwama. Juzi rafiki yangu alizitazama zote akasema ni nzuri, ila zingeweza kuwa za mtu yeyote. Tangu siku hiyo sina raha. Nitaupataje mkono wangu mwenyewe? Ninunue rangi za bei? Niache video? Halafu kuna mwenzangu wa kazini anataka nimchoree shamba la lavenda kama lile nililochora kwa kufuata video. Nikubali?"

Pamoja na swali alituma picha za kazi zake: shamba la lavenda, mnara wa taa ufukweni, kijiji chenye theluji, na kibanda cha mama mboga ambacho chini yake ameandika, "hii haijaisha, usiiangalie sana."

Dada yangu, nimeiangalia sana hiyo hiyo uliyonikataza. Paa la mabati umelipaka kijivu chenye ubuluu, na kabla halijakauka ukagusa kahawia ya kutu upande wa chini. Kutu ikapanda yenyewe kuelekea katikati ya paa, ikasimama pale karatasi ilipokuwa imeanza kukauka, nawe hukuirekebisha. Mwavuli umeuacha karatasi tupu, ukauzungushia tu giza la ndani ya kibanda. Sukuma wiki ni mipigo michache ya brashi pana, kila mmoja na ukingo wake mkali. Nyanya hazina hata umbo. Ni madoa mekundu yaliyogusana yakiwa mabichi. Kwenye lavenda na theluji kila kitu kina ukingo laini kwa sababu mwalimu wa video hizo anapenda ulaini. Kwenye kibanda namwona mtu mwingine kabisa, anayelaza rangi mbichi kisha akaikata kwa ukingo mkali kando yake, na asiyeogopa kuacha nafasi nyeupe. Sijawahi kukutana nawe, lakini mtu huyo ningemtambua nikiona picha yake nyingine.

Kwa hivyo swali lako nalijibu hivi. Mkono wa mchoraji wa rangi za maji hukaa kwenye utaratibu wake: anaanza na nini, analowesha wapi, anasubiri mpaka lini, anaacha nini bila kugusa. Anayetumia rangi za mafuta anaweza kurudi kesho akakwangua na kubadilisha. Wewe una dakika chache kati ya karatasi kulowa na karatasi kukauka, na kila unachoamua ndani ya dakika hizo kinabaki kinaonekana. Wape watu wawili rangi zile zile na karatasi ile ile, wachore jengo lile lile. Mmoja akigusa mapema na mwingine akisubiri, picha hazitafanana. Video inakunyima hapo hapo. Inakuamulia lini, wapi na kiasi gani. Unapata matokeo mazuri bila kufanya uamuzi hata mmoja, na siku ya kubaki peke yako unakuta kwamba kuamua ndiko hujazoea. Kuchora unajua, kibanda kimenihakikishia.

Kuna jambo jingine ambalo walimu hao hawawezi kukuambia kwa sababu hawaishi hapa, nalo ni hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mwezi wa Januari na Februari ni kavu pia, kwa hivyo maji yanaruka kutoka kwenye karatasi upesi sana. Mwalimu anayerekodi kwenye nchi ya ukungu na manyunyu anaposema "subiri kidogo, kisha dondoshea rangi ya pili," kidogo chake si kidogo chako. Ukisubiri kama yeye, karatasi yako imeshakauka, na wingu alilolifanya laini kwako linatoka na kingo ngumu. Ukija Julai, zile wiki za baridi na mawingu, au Aprili mvua ya masika ikiwa imekolea, karatasi ile ile inakaa mbichi hadi unachoka kuingoja. Ukiwahi kuchora Mombasa utaona mengine tena, maana unyevu wa bahari hauruhusu kitu kukauka. Saa ya ukutani haisaidii hapa. Kinachopimwa ni mng'ao wa maji juu ya karatasi yako, mezani pako.

Fanya hivi wiki hii. Chukua vipande kadhaa vya karatasi unayotumia kwa picha zako halisi, siyo ya daftari la mazoezi, kwa sababu kila karatasi ina tabia yake. Lowesha mraba mmoja kwa rangi nyepesi, kisha uinamishe kichwa macho yawe usawa wake, mwanga wa dirisha au wa taa ukiakisi juu yake. Mwanzoni maji yamesimama. Ukiinamisha ubao yanatembea. Baadaye yanaacha kutembea lakini uso wote bado unang'aa. Kisha mng'ao unafifia, na vijishimo vya karatasi vinaanza kuonekana kimoja kimoja. Kisha mng'ao umekwisha, lakini ukigusa kwa mgongo wa kidole unahisi baridi, maana ndani bado kuna maji. Mwisho hata ile baridi inaondoka. Katika kila hatua gusa mara moja kwa brashi yenye rangi nzito, na pembeni uandike kwa penseli ni hatua gani.

Vikikauka vyote, vitandaze mezani. Doa la hatua ya kwanza limetawanyika hadi limepotea. La pili limeenea kwa ulaini, na hapo ndipo mawingu na ukungu wa asubuhi hupatikana. La tatu limeenea kidogo likahifadhi umbo lake, zuri kwa miti ya mbali na kwa ile kutu yako. La nne ndilo linalowaliza wengi: brashi ikiwa na maji kuliko karatasi, maji hayo yanasukuma chembe za rangi zilizokuwa zinatulia, na zinarundikana pembeni zikaacha doa lenye kingo za meno meno ambalo hakuna kulifuta. La tano lina ukingo mkali. Rudia zoezi asubuhi, mchana na usiku. Wewe hasa fanya la usiku, kwa kuwa ndio wakati wako wa kazi, na weka taa upande mmoja, si utosini, uweze kuuona mng'ao. Balbu nayo iwe ya mwanga mweupe. Ile ya manjano itakudanganya kuhusu buluu, na asubuhi utashangaa nani ameibadilisha picha.

Ukimaliza zoezi hilo utagundua kuna hatua unayoipenda. Kuna watu wanaoona raha rangi inapokimbia yenyewe, na kuna watu wanaokosa amani mpaka karatasi ikauke. Upendeleo huo ushikilie. Hauhitaji kuusawazisha ati uwe hodari wa kila kitu.

Waliotutangulia walifanya hivyo. J.M.W. Turner wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1851, kuna masimulizi ya jinsi alivyofanya kazi: alikuwa na mbao nne zenye mishikio nyuma, akaizamisha ya kwanza kwenye ndoo ya maji pamoja na karatasi yake, akalaza rangi kuu zikaingiana, akaiweka kando, akachukua ya pili. Alipofika ya nne, ya kwanza ilikuwa tayari kwa kazi ndogo ndogo za mwisho. Utaratibu wote umejengwa juu ya kusubiri bila kukaa bure, na ule mwanga wake unaoyeyuka umetoka humo. Paul Cézanne wa Ufaransa, katika picha zake za rangi za maji za miaka ya mwisho, alikwenda kinyume: kiraka cha rangi kinakauka, cha pili kinalazwa kikiwa kimekigusia cha kwanza pembeni, na sehemu kubwa ya karatasi inabaki nyeupe na mistari ya penseli ikionekana. Sidhani kuna aliyeketi akajiambia "nitafute mtindo." Kila mmoja alikuwa na makubaliano yake na maji, akayashika. Wewe kwa kuchora usiku, nakushauri mbao mbili ndogo zinakutosha. Moja ikikauka unafanyia nyingine kazi, na hutaingiwa na ile haraka ya kugusa kabla ya wakati.

Utahitaji pia kipimo cha uzito wa rangi, kwa sababu muda peke yake hautoshi. Wanafunzi wangu tunapima kwa vitu vya jikoni: chai ya rangi, maziwa, mtindi, siagi. Chai ya rangi ni mpako wa kwanza, unaona karatasi chini yake. Maziwa ni rangi ya kawaida ya ukuta au majani. Mtindi hauteremki ukiinamisha paleti. Siagi hutoka kwenye tyubu karibu bila maji, na inatumika mwishoni kabisa, mahali padogo, kama giza la chini ya meza ya kibanda. Kanuni moja ya kushika: juu ya karatasi mbichi, kinacholetwa kiwe kizito kuliko kilichopo. Maziwa juu ya chai yatakaa. Chai juu ya maziwa itakuletea lile doa la meno meno. Na kumbuka rangi ya maji ikikauka hufifia, kwa hivyo ukiiona sawasawa ikiwa mbichi, ikikauka itakuwa imepauka. Katika picha zako za video nusu nzima ya giza inakosekana. Ni chai na maziwa mwanzo hadi mwisho. Kwenye kibanda ulithubutu kufika mtindi, ndiyo maana mwavuli mweupe unawaka.

Sasa kuhusu nini uchore. Chora kibanda. Nasema kwa dhati, chora kibanda hicho hicho kwa miezi kadhaa. Ukibadilisha mada kila wiki, kila wiki unatatua tatizo jipya la umbo, na huna nafasi ya kusikiliza maji. Mada ikishakuwa ya kawaida, macho yanahamia kwenye maamuzi. Ukubwa wa karatasi uwe mmoja, rangi ziwe zile zile, na kila mara ubadilishe jambo moja tu: leo anza na giza la ndani badala ya paa, kesho lowesha karatasi nzima kwanza, keshokutwa usitumie penseli hata kidogo. Kabla ya rangi, tengeneza mchoro mdogo kama kisanduku cha kiberiti, wenye viwango vitatu tu: nyeupe, kijivu, nyeusi. Hapo ndipo unaamua nini kitabaki karatasi tupu, maana nyeupe ya rangi za maji ni karatasi yenyewe na ikishapakwa haiji tena vizuri. Dakika tano za kisanduku hicho zina thamani kuliko saa nzima ya kurekebisha.

Na ukichore ukiwa pale, Jumapili, hata kama ni mchoro wa penseli na maelezo ya rangi pembeni, kisha umalizie nyumbani usiku. Muombe mama mboga ruhusa kwanza na umnunulie kitu. Picha ya simu inasaidia kukumbuka vitu vimekaaje, lakini simu inaligeuza giza la kibanda kuwa weusi mtupu, wakati jicho lako linaona humo buluu, kahawia, hata wekundu wa nyanya uliorudishwa kwenye mbao.

Nikae kidogo kwenye mwanga, kwa sababu hapa ndipo picha za video zinatutoa kwetu bila sisi kujua. Vitabu vingi vya uchoraji vinashauri ukae kwenye dirisha linalotazama kaskazini ili jua lisikuingilie. Ushauri huo ni sahihi Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la mchana liko kaskazini kwetu, na dirisha hilo linapigwa vizuri tu. Kuanzia Oktoba hadi mapema Machi linahamia kusini. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, saa sita na nusu mchana, liko utosini kabisa na kivuli chako unakikanyaga. Kwa hivyo kile kivuli kirefu cha buluu kinacholala kukatiza njia, ambacho kila mwalimu wa video anakipaka, Nairobi utakipata asubuhi na mapema na jioni tu. Mchana wa kwetu mwanga unamwagika kutoka juu: mapaa yanawaka karibu meupe, na giza linakaa chini ya upenu, chini ya mwavuli, chini ya meza, chini ya paji la uso. Ukikichora kibanda saa saba kwa vivuli vya video, mtu wa Umoja atahisi kuna kitu si cha kwao hata akishindwa kukitaja. Ukikichora kwa giza la chini ya upenu, umbo moja kubwa jeusi-buluu linashikilia picha nzima, na huhitaji mapambo. Julai mawingu yanaondoa vivuli karibu vyote. Basi hapo picha inabebwa na rangi zenyewe, karoti na nyanya na kanga, juu ya kijivu kitulivu. Hizo tayari ni picha mbili tofauti za kibanda kimoja, na hakuna video iliyokufundisha.

Umeuliza kuhusu rangi za bei. Kama pesa ni kidogo, zitangulie kwenye karatasi. Manila ya shuleni hunywa maji, hujikunja, na ukiisugua mara mbili inatoa nyuzi. Tafuta karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Pamba hushika maji kwa muda mrefu zaidi na kwa usawa, na kwa hewa yetu ya Januari huo muda wa ziada ni zawadi. Karatasi kubwa ya kawaida ni sentimita 56 kwa 76. Ukiikunja na kuikata nusu kwa nusu mara nne unapata vipande 16 vya sentimita 14 kwa 19, yaani vibanda 16, na nyingi unaweza kutumia pande zote mbili. Hapo bei yake haitishi tena.

Rangi zenyewe, punguza. Kasha la vidonge 36 linakufanya uchague rangi iliyo tayari badala ya kuchanganya yako, na rangi iliyo tayari ndiyo inayofanya lavenda ya kila mtu ifanane. Nunua tyubu chache za daraja la wasanii, maana za daraja la wanafunzi huwa na chembe chache na vijazio vingi. Usisome jina la mbele, linabadilika kwa kila kampuni. Soma alama ndogo za nyuma. PB29 ni buluu ya altramarini. PBr7 ni udongo wa kahawia. Chukua siena iliyochomwa. PV19 ni waridi. PY43 ni njano ya udongo. Altramarini na siena zikichanganywa zinakupa kijivu cha mabati, na kwa kuwa chembe za altramarini hujikusanya kwenye vijishimo vya karatasi, kijivu hicho kinatoka na vidoti vidoti ambavyo macho yanavisoma kama bati kuukuu. Siena na waridi kidogo zinakaribia sana udongo mwekundu wa huku kwetu. Altramarini na waridi zinakupa zambarau ya jakaranda za Oktoba, na kila ukichanganya inatoka tofauti kidogo, buluu zaidi kwenye kivuli, waridi zaidi penye jua. Nyekundu yenye alama PR83 iache dukani. Mwanga huifanya ififie, na kuta zetu zina mwanga mwingi.

Kinachozishika chembe hizo kwenye karatasi ni gundi ya mgunga, mti ambao unamea hata kaskazini mwa Kenya na gundi yake huvunwa huko. Gundi hiyo huyeyuka tena ikipata maji. Ndiyo sababu ukipaka tabaka la pili kwa kusugua unaamsha la chini na rangi inakuwa tope. Tabaka la pili lilazwe kwa mpigo mmoja, brashi imejaa, na mkono uondoke.

Video usiziache, ila badilisha unavyozitazama. Weka brashi mbali. Mwalimu akimaliza mpako wa kwanza, simamisha, ujiulize: mimi ningegusa wapi sasa, na ningesubiri mpaka hatua gani? Andika jibu lako, kisha endelea kutazama. Mtakapotofautiana, usikimbilie kudhani amekushinda. Kisha chukua mbinu yake moja, moja tu, uijaribu kwenye kibanda. Elimo Njau, mmoja wa waanzilishi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka 1965, anajulikana kwa onyo lake kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Nalichukulia kwa uzito onyo hilo, ingawa sioni ubaya wa mwanafunzi kunakili ili aelewe jambo lilivyofanyika. Nakala iwe ya droo, si ya kusaini.

Nenda pia ukaone picha halisi, maana skrini inaficha ukubwa, vijishimo na kingo. Katika Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, kuna picha za mimea na za watu wa Kenya alizochora Joy Adamson. Simama mbele ya ua moja na ujaribu kukisia utaratibu: karatasi ilikuwa kavu au mbichi? Giza limejengwa kwa tabaka ngapi? Mchora mimea kwa kawaida hufanya kazi kwenye karatasi kavu, tabaka nyembamba juu ya tabaka nyembamba, kwa sababu lazima jani litambulike. Huenda utaratibu huo usikufae hata kidogo, na kujua hivyo kutakusaidia.

Nyuma ya kila kibanda andika maneno machache ya penseli: saa, hali ya hewa, ulianza na nini, uligusa hatua ya ngapi, na mahali pamoja unapopapenda. Usichane chochote. Baada ya miezi kadhaa vitandaze vyote sakafuni, umwite yule rafiki yako, na usimuulize kipi kizuri. Muulize kipi kinajirudia. Atataja vitu usivyovifikiria: labda pale unapoacha weupe, labda namna mistari yako ya wima inavyoinama kidogo, labda kutu ile. Wewe nawe soma maelezo ya nyuma uone ulifanya nini ili kila kimoja kitokee, kisha siku nyingine ukifanye kwa kukusudia kwenye mada tofauti, steji ya matatu, ngazi za ploti, kamba ya nguo. Vitu viwili vitatu vikihama pamoja nawe kutoka mada hadi mada, hapo rafiki yako hatasema tena ni za mtu yeyote. Vingine vitakufa njiani, viache.

Limebaki la mwenzako wa kazini. Lavenda ile usimchoree. Mpangilio wake ni wa mwenye video, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mwenye kazi ya sanaa mamlaka juu ya nakala zake; kuiga kwa kujifunza nyumbani na kuiga kwa malipo ni mambo mawili. Lakini mteja usimwache aende. Inaelekea anachotaka ni zambarau ukutani kwake. Mwonyeshe mtaa wenye jakaranda, maua yameanguka barabarani, mapaa nyuma yake, giza chini ya miti, na ukingo mkali mahali unapoupenda. Mpe michoro midogo miwili ya ukubwa wa kiberiti achague, mkubaliane ukubwa na siku ya kumkabidhi, na uchukue nusu ya malipo kabla hujalowesha karatasi.